Kupanda mlima na mbwa: hatakuambia kwamba amechoka

Kazi ngumu ya kupanda mlima na mbwa si kumpandisha. Kupanda atapanda, tena kwa furaha, mkia juu, akigeuka kila baada ya hatua chache kuhakikisha kwamba unakuja. Kazi ngumu ni kujua saa ya kumwambia basi, kwa sababu yeye hatakuambia. Mbwa aliyekuzoea atakufuata mpaka miguu iishe nguvu, na hata hapo atajikokota. Naandika kwa ajili ya yeyote anayepanga kwenda kwenye mlima wenye watu wengi, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mbwa wake akiwa ubavuni. Mlima tuliopanda sisi si wa kutisha. Njia yake imetengenezwa vizuri na watu huipanda wakiwa na watoto. Lakini njia iliyo rahisi kwa mwenye viatu si lazima iwe rahisi kwa asiye navyo.

Kabla ya yote niliuliza kama mbwa anaruhusiwa. Usilipuuze hilo. Mlima Monadnock huko Marekani, ambao hupandwa na umati mkubwa kila mwaka, haupokei mbwa. Katika hifadhi ya Yosemite, huko huko Marekani, mbwa hawaruhusiwi kwenye njia nyingi za milimani, na ile ya kwenda kilele cha Half Dome ni mojawapo. Kwingine, kama Ben Nevis kule Uskochi, mbwa hufika hadi kileleni. Makatazo hayo yana sababu: harufu ya mbwa huwatia hofu wanyama wa porini, kinyesi chake huweza kupeleka magonjwa kwenye vyanzo vya maji, na mbwa mmoja aliyefunguliwa anaweza kuwatawanya ndege waliotaga chini. Mahali pengine ruhusa hubadilika kwa msimu, au hutolewa kwa sharti kwamba mbwa awe kwenye kamba fupi muda wote. Nilipiga simu kwa wasimamizi wenyewe. Maneno ya aliyepanda zamani hayakutoshi ukifika langoni na ukaambiwa urudi.

Kisha nikampeleka Simba kwa daktari wa mifugo. Simba ni mbwa wa mchanganyiko, mtu mzima, kilo 24, mwenye afya. Hata hivyo nilitaka asikilizwe moyo, akunjwe viungo, atazamwe kucha na nyayo. Daktari alihakikisha kwamba chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, akamchanja pia dhidi ya leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine kwenye maji na matope, na akampa dawa ya kuzuia kupe. Alinieleza pia ni nani asiyefaa kwenda. Mbwa mchanga ambaye mifupa yake haijakomaa (kwa mbwa wakubwa ukuaji unaweza kuendelea hadi miezi 18 hivi) huweza kuumia viungo kwa mwendo mrefu wa mawe. Mbwa mzee mwenye baridi yabisi ataumia kesho yake hata kama leo alionekana mchangamfu. Na mbwa wa pua fupi, kama Bulldog na Pug, hushindwa kupoza mwili hata kwenye matembezi ya kawaida, sembuse mlima.

Hilo la kupoza mwili ndilo ningetaka kila mwenye mbwa alielewe, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Sisi tunatoka jasho mwili mzima. Mbwa ana tezi za jasho kwenye nyayo tu, na hazimsaidii sana. Anachotegemea ni kuhema: hewa inapita haraka juu ya ulimi na njia za pua zenye unyevu, maji yanageuka mvuke, na joto linatoka nayo. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, mvuke hautoki vizuri na kuhema hakumsaidii. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Kwa hiyo nafasi kati ya mbwa mzima na mbwa aliye hatarini ni nyuzi mbili tu, na mlima mkali unaweza kuimaliza kwa muda mfupi.

Wengi hujipa moyo kwamba huko juu ni baridi. Ni kweli kwamba kwa wastani joto la hewa hushuka kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Lakini mbwa hatembei hewani. Anatembea juu ya mwamba uliopigwa na jua tangu asubuhi, tumbo lake likiwa karibu na mwamba huo, mahali ambapo miti imeisha na kivuli hakuna. Kipimo nilichofundishwa ni rahisi: weka mgongo wa kiganja chako juu ya jiwe na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua.

Maandalizi yalichukua wiki nyingi. Tulianza na vilima vidogo, kisha tukaongeza urefu, kisha changarawe na mawe. Nyayo hukomaa kwa kutembezwa mahali pagumu, na hakuna njia ya mkato. Nilimnunulia viatu vya mbwa nikamvalisha nyumbani jioni baada ya jioni mpaka akaacha kurusha miguu. Mbwa anayevalishwa viatu kwa mara ya kwanza mlimani atavivua, au vitamchubua. Nilimzoesha pia mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni. Kamba iliyofungwa kwenye kola humkaba shingo akiteleza, ilhali ule mshikio unakuwezesha kumwinua juu ya jiwe refu bila kumuumiza.

Maji nilipiga hesabu. Mbwa aliyetulia anahitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Simba, hata akilala kutwa, anataka zaidi ya lita moja, na akitembea kutwa hitaji hilo huongezeka mara mbili au zaidi. Nikambebea lita 3, nami nikajibebea 3. Hizo ni kilo 6 za maji peke yake, na mabega yangu yalizihisi kabla hatujatoka msituni. Nasema hivi ili usijidanganye: mzigo wa mbwa ni wako.

Chakula cha njiani nacho kina mitego. Mchanganyiko ambao wapanda milima wengi hupenda kutafuna, wenye zabibu kavu na chokoleti, ni sumu kwa mbwa. Zabibu zinaweza kumharibu figo. Ubani wa kutafuna usio na sukari mara nyingi huwekwa zailitoli, kiungo cha kuleta utamu badala ya sukari, ambayo hushusha sukari ya damu yake hadi kiwango cha kuua. Dawa zako za maumivu pia, ibuprofeni na parasetamoli, zisimkaribie. Kwenye mlima wenye watu wengi vitu hivi hudondoka kila mahali wanapopumzika watu, kwa hiyo kila tulipokaa nilikuwa nakagua ardhi kwanza.

Muda tuliupima kwa kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskochi aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5 hivi, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 hivi za kupanda. Njia yetu ilikuwa kilomita 12 kwenda na kurudi, na mwinuko wa mita 800. Hesabu inatoa chini kidogo ya saa 4 bila kupumzika. Tuliongeza nusu yake kwa ajili ya Simba na foleni za watu, na ndiyo maana mimi na mdogo wangu tulianza kupanda saa kumi na moja alfajiri, taa zikiwa vichwani. Simba alikuwa amekula kidogo tu, saa kadhaa kabla. Shibe kubwa kabla ya kazi nzito haimfai mbwa, hasa mwenye kifua kirefu, kwa kuwa tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda.

Msituni ilikuwa raha tupu. Kulikuwa na ubaridi, udongo laini, na harufu ambazo Simba peke yake ndiye aliyejua maana yake. Tulisimama kila nusu saa, nikamnywesha kidogo kidogo. Usimngoje aombe maji. Mbwa mwenye msisimko husahau kiu, kisha akikutana na bakuli anagugumia mpaka anatapika.

Jua lilipotoka ndipo watu walipoanza kutufikia. Hapa nataka kusema na wenye mbwa wenzangu. Si kila mtu anapenda mbwa, na mlima ni wa wote. Mwanamke mmoja alimwona Simba kwenye kona akasimama ghafla, ameshika mkono wa mtoto wake, uso umembadilika. Nilitoka njiani, nikamkalisha Simba upande wangu, mimi nikiwa katikati yake na wao, nikasema, "Karibuni mpite, nimemshika." Wakapita. Huchukua muda mfupi tu, na unapaswa kufanya hivyo mara nyingi sana kutwa nzima bila kukunja uso. Kinachochosha zaidi ni mbwa aliyeachwa huru anayekuja mbio huku mwenyewe, yuko mbali, anapaza sauti kwamba ni mpole. Huenda ni mpole. Wa kwangu yuko kwenye kamba, hawezi kukimbia wala kucheza, na mbwa aliyebanwa huona hatari. Zaidi ya hayo, mbwa aliye huru kwenye mteremko huangusha mawe juu ya waliopo chini.

Kinyesi tulikizoa na kukibeba. Mfuko ukiachwa kando ya njia "nitauchukua nikirudi" mara nyingi hubaki pale pale, na nilihesabu mifuko mingi iliyosahauliwa hivyo.

Miti iliisha, jua likatupiga. Mwanzoni Simba alikwenda vizuri. Kisha nikaona mambo madogo. Aliacha kunusa. Akaacha kugeuka kututazama. Kila tulipopita jiwe lenye kivuli, hata cha upana wa shuka, alijipenyeza hapo na kulala tumbo chini. Ulimi ulikuwa umetoka mrefu na ncha yake imetanuka. Nilimpa kipande cha nyama, akakinusa na kugeuza kichwa. Nikainua mdomo wake nikatazama fizi: zilikuwa za waridi bado, na nilipozibonyeza kwa kidole rangi ilirudi ndani ya sekunde mbili, kama inavyotakiwa. Hakuwa ameugua. Alikuwa anaelekea huko.

Mbele yetu ndipo penye miamba, sehemu ya mwisho ambapo binadamu hutumia mikono. Foleni ya watu ilikuwa imesimama juani. Mdogo wangu alitazama juu.

"Dada, kilele kile pale. Robo saa tumefika."

"Robo saa yetu," nikamwambia. "Yeye atasimama juani kwenye foleni, abebwe, ashuke tena hapa hapa. Halafu bado kuna nusu nzima ya safari."

"Sasa tumekuja kufanya nini?"

Swali lake lilinichoma, kwa sababu nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Tulikuwa tumejiandaa kwa wiki nyingi. Nilitaka kufika. Sitadanganya kwamba nilipata utulivu wa moyo pale pale. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumwendea. Tulikubaliana apande yeye, mimi nibaki na Simba nyuma ya jiwe kubwa, kisha tubadilishane. Mpango huo naupendekeza kwa mtu yeyote: nendeni angalau wawili, ili kilele kisiwe jambo la wote au hakuna. Nililoanisha tumbo na kwapa za Simba kwa maji, nikampepea kwa kofia, akaanza kuhema polepole.

Mdogo wangu aliporudi, uso umejaa furaha, alisema, "Zamu yako, dada. Nenda, nitakaa naye." Nikasimama. Simba naye akasimama. Miguu ya nyuma ilimtetemeka, lakini alisimama, akaelekeza pua kwenye miamba na kunisubiri. Mdogo wangu alimshika mkanda, nikapiga hatua chache. Akavuta, akalia, akaanza kuhema kwa nguvu tena. Muda wote alioupata wa kupoa ulikuwa unapotea kwa sababu yangu. Nikarudi, tukaanza kushuka wote watatu. Sikufika kileleni.

Hatukuwa tumeshuka sana tulipokuta watu wamezunguka kitu njiani. Mbwa mkubwa mwenye manyoya mengi alikuwa amelala ubavu, macho yamekodoa hayaoni, fizi nyekundu iliyokolea, ute mzito mdomoni. Walikuwa wakipanda, wameanza safari wakati sisi tulikuwa karibu na miamba. Kijana mwenye mbwa alikuwa anajaribu kummiminia maji mdomoni. Usifanye hivyo. Mbwa asiyejitambua anaweza kupaliwa, maji yakaingia mapafuni. Maji hutiwa mwilini. Tulimvuta kwenye kivuli cha watu waliosimama wakitandaza majaketi, tukammiminia maji kuanzia shingoni hadi tumboni na mapajani, watu wawili wakampepea bila kukoma. Mtu mmoja alitandika taulo lenye maji juu yake, tukaliondoa: taulo likipata joto huwa linamfunika kama blanketi. Mpoze kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari. Ukianza kukimbia naye akiwa bado anaungua, dakika zile za njiani ndizo zinazomuua.

Baada ya muda aliinua kichwa. Wanaume wanne walimbeba kwa jaketi lililofungwa mikono, wakishuka kwa kupokezana, huku mwingine akimwagia maji yaliyobaki. Nilimwambia yule kijana amfikishe kwa daktari siku hiyo hiyo hata akiamka na kutembea, maana figo, ini na damu huweza kuonyesha madhara saa nyingi baadaye. Alikuwa analia na kuniambia, "Alikuwa anakimbia mbele yangu. Alikuwa mbele yangu." Namwelewa. Mbwa wake alimfuata kwa kumtangulia. Tulipofika chini walikuwa wameshaondoka.

Gharama ya msaada ule ilikuwa maji ya Simba. Tulibakiwa na nusu lita mpaka kwenye kijito, na nilihesabu kila kona. Ningeyatoa tena, lakini tangu siku ile huweka chupa moja chini kabisa ya begi isiyoguswa mpaka tufike mwisho. Kwenye kijito Simba aliingia akalala majini mwenyewe. Maji yanayotiririka nayo huweza kuwa na vimelea kama jiadia, kwa hiyo nilimnywesha yale yetu na kumwacha apoze mwili tu. Dimbwi lililotuama lenye utando wa kijani au bluu juu yake usimruhusu hata kuligusa. Bakteria wanaofanya rangi ile wana sumu inayoweza kuua mbwa kwa saa chache, na hata kulamba manyoya yaliyolowa kunatosha.

Kushuka watu hukudharau. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwenye miguu ya mbele akiwa amesimama tu, na kwenye mteremko mzigo huo huongezeka kwenye mabega, viwiko na vifundo. Simba alianza kuchechemea mguu wa mbele wa kulia. Kipande cha ngozi ya unyayo kilikuwa kimechanika. Nilikiosha, nikaweka chachi, nikafunga bandeji bila kukaza, nikafunika kwa kiatu kimoja kati ya vile alivyovizoea. Mara mbili tulimbeba kwenye mawe makali, mmoja mbele mmoja nyuma. Jaribu kumbeba mbwa wako nyumbani kabla ya kwenda, utembee naye mikononi, upime unaweza kufika umbali gani. Jibu lake litakusaidia kuchagua mlima.

Nyumbani nilimpapasa mwili mzima kutafuta kupe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Nikamlisha kidogo, maji tele, akalala. Kesho yake aliamka amekakamaa, akitembea kwa hatua fupi, jambo ambalo ni la kawaida kwa siku moja au mbili. Bandeji niliibadilisha kila siku, na matembezi ya mawe niliyasimamisha mpaka ngozi mpya ilipokomaa, ambayo kwa unyayo huchukua wiki kadhaa. Siku hizo mbili za mwanzo mtazame anapokojoa. Mkojo wa rangi ya kahawa maana yake misuli imevunjika na inatia sumu kwenye figo, na hapo usingoje asubuhi. Mbwa anayekataa kula siku nzima baada ya mlima, anayetapika, au asiyetaka kusimama, naye apelekwe kwa daktari bila kungoja, hata kama mkia bado anaupunga akikuona.